Mjomba hakukatwa na mtu, sasa hilo kovu limetoka wapi?

Chumba cha altrasaundi kilikuwa na giza na feni inayolia kila ikizunguka. Mjomba amelala kitandani, shati limepandishwa mpaka kifuani, tumbo limepakwa ile jeli ya baridi, mimi nimesimama pembeni nimeshika kofia yake na kisimu chake cha tochi. Dokta kijana mdogo tu, anasukumasukuma kile kifaa chini ya mbavu za kulia bila kusema kitu, mpaka nikaanza kuhesabu feni imelia mara ngapi. Alafu akageuza skrini kidogo upande wetu, akaelekeza na kalamu.

"Mzee, unaona haka kaduara keusi? Huu ni mshipa wa damu, tumeutazama kwa kuukata katikati. Hii nyeupe nene inayouzunguka haitakiwi kuwepo. Hayo ni makovu. Ini lina makovu mengi."

Mjomba akainua kichwa. "Kovu? Dokta, mimi sijawahi kukatwa na mtu."

Dokta akacheka, na mimi nikacheka. Mjomba hakucheka, yeye alikuwa anauliza kweli.

Kwenye daladala akarudia tena, safari hii kwa sauti ya chini kama anaongea na dirisha. Sasa hilo kovu nani kaliweka?

Wiki saba sasa hilo swali halijaniacha.

## Gongo

Mjomba ni mvuvi wa dagaa Ukerewe tangu ana miaka kumi na nne. Msabato wa kutupwa, hata chai ya rangi hanywi, asubuhi ni uji na maji ya moto. Lakini siku aliyotapika damu pale mwaloni, wanakoshushia samaki, kabla hata hajapandishwa kwenye pikipiki, jibu lilikuwa limeshapatikana: gongo hiyo, imemla ini kimyakimya. Wengine wakasema ni ile mashine mpya ya mtumbwi, kuna mtu imemuuma. Na mimi niseme ukweli wangu hapa, ile ya gongo niliiamini kidogo. Nilimvuta mama pembeni nikamuuliza hivi mjomba kweli huwa hanywi, hata kidogo, hata zamani? Mama akaniangalia lile jicho ambalo kama una akili unaondoka mwenyewe.

Ilikuwa kichocho. Kile cha tumbo.

Sitaeleza habari za konokono wa majini wanaokieneza, wote tuliokulia kando ya ziwa tumepimwa urefu shuleni na ile fimbo ili tujue tunameza vidonge vingapi, na ule uchungu wake mdomoni haujatoka mpaka leo. Ambacho mimi sikukijua ni kwamba minyoo yenyewe haina ugomvi mkubwa na ini. Mwenye ugomvi ni yai. Jike moja linataga mayai kama 300 kwa siku, karibu nusu yanapita yanatoka na choo, yaliyobaki yanabebwa na damu ya utumbo mpaka kwenye ini, na kule yanakwama kwenye vijitawi vya ule mshipa mkubwa unaoingiza damu. Yai halifiki hata robo ya milimita na lina mwiba ubavuni. Likikwama, mwili unalizungushia askari, alafu unalizungushia ukuta. Yai linakufa baada ya wiki chache. Ukuta unabaki. Sasa zidisha kwa miaka 40 ya kusukuma mtumbwi majini.

Mwaka 1904 daktari mmoja wa Cairo, Symmers, alifungua maini ya watu waliokufa na ugonjwa huu akasema yanafanana na ini lililochomekwa mabua meupe ya kiko cha udongo, huku nyama iliyobaki imekaa vizuri tu. Nilivyosoma hapo nikakumbuka kitu cha buchani. Mnalijua lile ini la ng'ombe ambalo kisu kikipita kinatoa mlio kama kinakata mchanga, muuzaji anajifanya anakohoa? Ile ni minyoo mingine kabisa, na inakaa kwenye mirija ya nyongo. Lakini ule mlio ndo ulionifanya nielewe dokta alikuwa anaona nini kwenye ile skrini.

Pia ndo maana vipimo vya damu vya mjomba vilitoka vizuri mpaka tukadhani maabara imechanganya. Ini lake linafanya kazi, ila njia za kuingilia zimebanwa, damu inatafuta michepuko, inapanda kwenye vimishipa vya koo la chakula ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo ule. Siku moja kimoja kikapasuka.

Sawa. Lakini nani alijenga ukuta? Yai haliwezi kujenga kitu.

## Mlinzi wa stoo

Hapa ndo nilianza kumaliza bando. Nilikuwa natafuta mhalifu, kwa kweli, nilitaka nimpelekee mjomba jina.

Nikakuta stori ya Mjerumani anaitwa Karl Wilhelm von Kupffer. Mwaka 1876 alikuwa anatafuta mishipa ya fahamu ndani ya ini, akapaka vipande vyake dawa ya dhahabu, na badala ya mishipa akaona viseli vyeusi vyenye mikono mikono kama nyota, vimejipanga kando ya vijia vya damu. Akaviita seli za nyota. Miaka ishirini na kitu baadaye, 1898, yeye mwenyewe akajichanganya akazifananisha na seli nyingine kabisa, zile zinazokula uchafu, na kwa sababu yeye ndo mkubwa wa hilo jambo kila mtu akachanganyikiwa pamoja naye. Mwaka 1951 Mjapani Toshio Ito akaona seli zilizojaa matone ya mafuta mahali palepale. Mwaka 1971 Mjapani mwingine, Kenjiro Wake, akarudia ile dawa ya dhahabu akaonyesha kwamba seli za Kupffer za mwanzo kabisa na seli za Ito ni kitu kimoja, na yale matone yana vitamini A.

Miaka 95 ya kubishana kuhusu kitu ambacho mtu wa kwanza alikuwa ameshakiona.

Kazi ya hii seli siku za kawaida ni stoo. Vitamini A sehemu kubwa ya mwili mzima imewekwa humo, ndani ya yale matone. Tulivyokuwa tunaambiwa kula ini uone vizuri usiku, kumbe tulikuwa tunatumwa kwenye stoo ya huyu bwana. Amekaa kwenye kichochoro chembamba kati ya seli za ini na kijia cha damu, mikono ameizungusha, kimya, hasumbui mtu.

Alafu ini likiumizwa, anaamka.

Anamwaga yale matone yote. Ananyooka, anakuwa mrefu mrefu, anazaliana, anapata nyuzi za kujikunja kama za misuli, na anaanza kutoa kolajeni, zile kamba za protini ambazo ndo kovu lenyewe. Mwaka 1985 Scott Friedman na wenzake wa San Francisco waliwatenga hawa watu kutoka kwenye maini ya panya wakaonyesha kwamba wao ndo watoaji wakubwa wa kolajeni humo ndani. Akishabadilika hivyo anaitwa myofibroblasti, jina lililoanzia kwenye vidonda vya ngozi miaka ya mwanzo ya 70 kule Geneva, yani nusu misuli nusu mshonaji.

Nilivyofika hapo nilifunga simu nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mgeni. Nimemkuta mlinzi wa stoo.

## Chapa ya kurithi

Sikukubali haraka. Nikasema huenda kuna wengine, na kweli nikakuta watu walishawahi kusema kuna wengine. Kuna waliosema kovu linaletwa na seli kutoka kwenye uboho wa mfupa, zinasafiri na damu zinakuja kuweka kambi. Kuna waliosema, mwaka 2007, kwamba seli za ini zenyewe, zile wafanyakazi wa kawaida, zinageuka na kuwa wajenzi wa kovu. Hii ya pili nilitaka sana iwe kweli sijui kwanini, labda kwa sababu ingekuwa ni usaliti na usaliti unaeleweka.

Ila wakapata njia ya kuhakikisha. Usukumani ng'ombe anakatwa sikio ajulikane ni wa nani, lakini ndama wake hazaliwi na sikio lililokatwa. Hawa jamaa walitengeneza chapa inayorithiwa. Wanachukua panya, wanagusa jeni yake kiasi kwamba aina moja tu ya seli inawaka rangi, na seli hiyo ikibadilika sura, ikahama, ikazaa, rangi haitoki, hata wajukuu wanawaka. Kwahiyo unaliumiza ini, unasubiri kovu, unaangalia: waliojenga wanawaka au hawawaki?

Kwa seli za ini za kawaida, hawakuwaka. Ile hadithi ya usaliti ikafa mwaka 2010 na 2011.

Kwa seli za nyota, timu ya Robert Schwabe kule New York, 2013: kati ya asilimia 82 na 96 ya wajenzi wa kovu walikuwa wanawaka. Kwa sumu, kwa njia za nyongo kuziba, kwa ini la mafuta, wote haohao. Mwaka uliofuata timu ya San Diego ikasema ngojeni kwanza, njia za nyongo zikiziba, wa kwanza kuamka mwanzoni ni jirani mwingine anayekaa pembeni ya ule mshipa wa kuingilia, fibroblasti (seli ya kutengeneza kamba za tishu) wa pale pale mlangoni, alafu nyota wanafuata. Hapo wakavutana. Mimi kwa sababu ya mjomba niko upande wa kumsikiliza huyu wa mlangoni, maana mayai ya kichocho yanakwama hukohuko mlangoni, lakini msinichukulie kama mtaalamu, mimi ni mtu mwenye bando tu.

Nyota au mlangoni, wote ni wenyeji.

## Mjomba na nyavu

Nilimpigia jumamosi jua limeshazama, nikijua hajaguswa na usingizi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umeshampata huyo mtu?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu ila bila Wajerumani. Kwamba una walinzi wako, wanatunza mali yako, siku wakisikia kuna kilio wanaacha stoo wanakuja kushona. Kushona siyo vibaya, hata yale mayai yasingezungushiwa ukuta sumu yake ingekuharibia ini vibaya zaidi. Hilo sikulibuni, kuna panya walioondolewa kinga ya kuyazungushia mayai na maini yao yakaharibika kuliko ya wenzao. Shida kilio hakikuisha, kwahiyo na kushona hakukuisha.

Akanyamaza. Nasikia mawimbi na mtu anapiga nyundo kwa mbali.

"Kama nyavu," akasema. "Wavu ukichanika unatia kiraka. Ukichanika tena unatia tena. Unafika wakati wavu ni viraka vitupu, hauchaniki tena, ila maji hayapiti, ukiuvuta mtumbwi unalala upande. Huo haufai, lakini huwezi kusema aliyeshona alikuwa mchawi."

Mimi nimesoma wiki nzima na kamusi pembeni, yeye kamaliza kwa dakika moja.

Kuna jambo moja sikumwambia siku ile kwa sababu lilinitisha. Ukiwatoa hawa seli za nyota kwenye ini zima, lenye afya, ukawaweka kwenye sahani ya plastiki ya maabara, wanaamka wenyewe ndani ya siku chache. Hakuna yai, hakuna sumu, hakuna pombe. Ni ugumu wa plastiki tu. Ukiwaweka kwenye kitu laini kama jeli wanaendelea kulala. Wanapapasa walipokaa, wakikuta pagumu wanadhani kuna jeraha. Na kovu lenyewe ni gumu. Kwahiyo kovu linawaamsha wale wanaotengeneza kovu.

Nililala vibaya siku hiyo.

## Karatasi ya mama

Wiki tatu baada ya ile altrasaundi, mama naye akapimwa eko, yani altrasaundi ya moyo. Ana presha karibu miaka kumi na tano, na dawa anakunywa kwa ratiba ya kichwa: kikiuma anameza, kisipouma anazipumzisha, zisije zikamzoea. Kupanda ngazi za kanisani kumeanza kumkata pumzi. Dokta (siyo yule kijana) akasema ukuta wa moyo umenenepa, na umeanza kukakamaa, ukitakiwa kulegea upokee damu unalegea kwa shida. Kuna makovu, akasema, nyuzi nyuzi, zimeingia katikati ya misuli.

Neno lilelile. Mama akanigeukia mimi na siyo dokta. "Na mimi?"

Kovu la moyo tulilozoea kusikia ni lile la shambulio, mshipa umeziba, kipande kimekufa, kiraka kimewekwa. La mama siyo kiraka, ni kama ukungu unaoingia kati ya misuli na misuli. Huku kwetu kuna la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha, lile linalopaka ndani kabisa ya chumba cha moyo, alilolieleza Jack Davies pale Mulago Kampala mwaka 1948, la watoto na vijana wa vijijini. Utafiti uliotoka 2008 kutoka wilaya ya Inharrime, Msumbiji, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watano waliopimwa analo, na wengi wao hawajui. Wamelaumu minyoo, wamelaumu mihogo, wamelaumu njaa, na hakuna kesi iliyokwisha mpaka leo. Hilo siku moja nitaliandikia peke yake maana linanikera.

Nirudi kwa mama. Nani anajenga?

Historia ikajirudia mpaka nikacheka. Mwaka 2007 tena, kundi moja likasema kati ya robo na theluthi ya wajenzi wa kovu la moyo ni seli za ndani ya mishipa ya damu zilizogeuka tabia. Na hapa pia kulikuwa na chama cha uboho wa mfupa. Watu wakaamini miaka saba. Alafu 2014 makundi mawili tofauti, moja lile la San Diego, wakaleta panya wa chapa, wakaufunga kwa uzi ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ili usukume kwa shida, yani wakamtengeneza mama yangu kwa ukubwa wa panya. Kovu likaja. Wajenzi walikuwa ni fibroblasti wa moyo wenyewe, waliokuwemo humo tangu mimba, wameongezeka tu. Mwaka 2016 timu ya Cincinnati ikafunga mjadala zaidi, ikawafuata mmoja mmoja kutoka utulivu mpaka ujenzi. Wenyeji.

Kazi yao siku za kawaida? Kushikilia. Wanaweka kamba nyembamba zinazoshika misuli isiachane kila ikidunda, mara laki moja kwa siku. Nao wanahisi mvuto. Presha ikipanda ukuta unavutwa, wanasikia, wanaongeza kamba. Na kuna homoni ya angiotensini ambayo nayo inawaambia ongezeni, na losartani ya mama inakaa palepale inapoingilia hiyo sauti.

Yani kile kidonge ambacho mama anakipumzisha kichwa kisipouma, kilikuwa kinaongea na washonaji muda wote.

Nilimwambia hivyo jikoni, anachambua mchele. Hakunijibu. Aliendelea kuchambua, ila nikaona vidole vimepunguza kasi.

## Boma moja

Hii sehemu nusura niiache kwa sababu ni kama nimeipanga, lakini sijaipanga.

Nilikuwa najiuliza kwanini seli za ini na za moyo, mahali mbali hivyo, zina tabia moja. Nikaenda nyuma mpaka kwenye mimba. Wiki ya nne hivi, mtoto hana umbo la kueleweka, kuna kijiukuta cha tishu kati ya sehemu itakayokuwa kifua na sehemu itakayokuwa tumbo. Moyo umekaa juu yake. Ini linachipua linaingia ndani yake. Kwa panya imefuatiliwa na ile chapa: seli za kijiukuta hicho zinaingia ndani ya ini na kuwa, kati ya mengine, seli za nyota. Na pembeni ya ukuta huohuo kinaota kichaka kidogo cha seli, kinapanda kwenye moyo, kinaufunika kama shuka, alafu baadhi ya seli za hiyo shuka zinazama ndani ya misuli na kuwa fibroblasti wengi wa moyo. Siyo wote, hasa kwenye ukuta wa katikati ya vyumba kuna waliotokea kwingine. Lakini wengi.

Kwahiyo washonaji wa ini na washonaji wa moyo walianza jirani kabisa, kabla hata hatujawa na vidole.

Mama na mjomba ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, boma moja. Haina maana yoyote kisayansi, najua. Nilimwambia mama hata hivyo.

"Ndo maana wote wakaidi," akasema.

## Linafutika?

Hili ndo swali aliloniuliza kila mtu kwenye grupu la familia na ndo nimelichelewesha kwa sababu jibu halijakaa sawa kichwani kwangu.

Ini, mara nyingine, ndiyo. Kwa homa ya ini B kuna utafiti wa 2013 ambao watu walitumia dawa ya tenofoviri miaka mitano, wakatolewa kipande cha ini kwa sindano mwanzo na mwisho. Watu 96 walianza na ini lililokakamaa kabisa. Baada ya miaka mitano, 71 hawakuwa tena kwenye hilo kundi. Nilisoma hiyo namba mara tatu. Zamani walifundisha kwamba ukifika hapo hurudi. Kwa kichocho nako, minyoo ikiuliwa mapema, hasa kwa vijana, ule weupe unaweza kupungua kwenye altrasaundi, kwa wazee kama mjomba haiaminiki hivyo.

Kwa panya waliangalia nini kinawapata wajenzi ukiondoa kinachoumiza. Karibu nusu wanajiua. Nusu nyingine wanarudi kulala.

Nikafurahi nikataka kumpigia mjomba saa hiyohiyo. Alafu nikasoma mstari wa pili. Wale waliorudi kulala hawalali kama zamani. Ukiliumiza ini tena wanaamka haraka kuliko ambao hawajawahi kuamshwa. Wanakumbuka.

Na mjomba amesharudi ziwani. Atafanyaje, ndo kazi. Anameza vidonge, lakini maji ni yaleyale na miguu ni ileile.

Moyo nao una stori yake. Nilivyoona dawa za majaribio zinatafuta kuwaua fibroblasti, ile kazi ya Pennsylvania ya 2019 ambapo walitengeneza askari wa kinga wawawinde na panya wakapungua kovu, nikasema si ndo hii. Ila kuna panya wengine, walionyimwa protini moja inayotolewa na hawa wajenzi, periostini, wakapewa shambulio la moyo. Wengi kuliko wenzao moyo ulipasuka ndani ya siku kumi za kwanza. Kovu lilikuwa halijakaza.

Misuli ya moyo haijirudishi kama ini. Walipima Stockholm mwaka 2009 kwa kutumia mionzi iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya atomiki (nani anawaza vitu hivi), wakakuta mtu wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee hata nusu yake haifiki. Kwahiyo palipokufa, kiraka ndo kinachoshikilia ukuta. Ukimfukuza fundi mapema nyumba inaanguka, ukimwacha miaka kumi na tano anakujengea mpaka kwenye milango.

Nimebadilisha mawazo mara nne wakati naandika hii sehemu. Kuna siku nawachukia, kuna siku nawahurumia. Hawana macho. Wanapapasa tu.

## Jumapili

Mjomba alikuja mjini wiki iliyopita kwa ile ya kufungwa mishipa ya koo kwa viraba, awamu ya pili. Alikula ugali na sato, hakutaka maini, alisema kwa sasa anayaheshimu. Mama alimeza losartani yake mbele yetu bila kuambiwa, na kichwa hakikuwa kinauma, nilimuuliza.

Altrasaundi inayofuata ni baada ya miezi sita. Mjomba aliomba ile picha ya kwanza wampe, karatasi ndogo nyeusi inayong'aa, ameiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya uvuvi na kadi ya mpiga kura. Nikamuuliza ya nini, dokta si anayo kwenye kompyuta.

Anataka kwenda nayo mwaloni. Kuna watu pale, akasema, walisema gongo, na anawajua kwa majina.